Somo la Saba: Kununua Kompyuta Mpakato ya Gemu bila Kuuziwa Mbuzi kwenye Gunia

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kulinganisha kompyuta mbili zinazotangazwa kwa sifa zinazofanana, kukokotoa gharama kamili ya ununuzi, kuikagua bidhaa kabla ya kulipa, na kudai haki yake iwapo amepewa kitu tofauti na alichoahidiwa.

Utangulizi

Kompyuta mpakato ya gemu ya daraja la juu hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi, na mara nyingi kwa fedha ya familia nzima. Anayeinunua huenda si mchezaji tu. Wapo wanaoitumia kuhariri video, kusanifu majengo au kujifunza fani za kompyuta. Kosa katika ununuzi huu ni gumu kurekebisha. Chipu ya picha, ambayo hubeba sehemu kubwa ya bei, kwa kawaida huunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Haibadilishwi baadaye kama inavyobadilishwa diski. Kwa sababu hiyo, bei nafuu ya kweli hupimwa kwa kile unachokipata, na si kwa ukubwa wa punguzo lililoandikwa kwenye tangazo.

1. Jina la chipu pekee halitoshi

Wauzaji wengi hutangaza jina la chipu ya picha na kuishia hapo. Jina hilo halielezi nguvu yote. Chipu ya RTX 4070 ya kompyuta mpakato, kwa mfano, imeruhusiwa na kampuni ya Nvidia kufanya kazi kwa kiwango chochote kati ya wati 35 na wati 115, kadiri mtengenezaji wa kompyuta atakavyopanga. Kompyuta nyembamba isiyo na nafasi ya kupoza joto hupewa wati chache. Iliyo nene na yenye feni kubwa hupewa wati nyingi. Zote mbili huandikwa RTX 4070, lakini mwendo wa gemu katika kompyuta hizo hautakuwa sawa. Muulize muuzaji: chipu hii imepewa wati ngapi?

Jambo la pili ni kumbukumbu ya chipu ya picha. RTX 4060, RTX 4070 na RTX 5070 za kompyuta mpakato zina gigabaiti 8. RTX 4080 na RTX 5070 Ti zina 12. RTX 4090 na RTX 5080 zina 16, na RTX 5090 ina 24. Usichanganye hesabu hizi na za kompyuta ya mezani: RTX 4090 ya mezani ina gigabaiti 24, ilhali ya mpakato yenye jina hilohilo ina 16. Tangazo linalotumia matokeo ya kompyuta ya mezani kunadi kompyuta mpakato linampotosha mnunuzi.

2. Wakati mzuri wa kununua

Bei ya kompyuta hizi huelekea kushuka kizazi kipya cha chipu kinapoingia sokoni, kwa kuwa wauzaji hutaka kumaliza mzigo wa zamani. Nvidia ilitangaza kizazi cha RTX 40 cha kompyuta mpakato Januari 2023, na kizazi cha RTX 50 Januari 2025. Kizazi kilichopita si lazima kiwe duni. Kwa anayehitaji kumbukumbu kubwa ya picha, RTX 4080 iliyopunguzwa bei huweza kufaa kuliko RTX 5070 mpya. Kuhusu matangazo ya punguzo ya mwishoni mwa Novemba, iandike bei ya bidhaa unayoitaka wiki kadhaa kabla. Wapo wanaopandisha bei kwanza ndipo waishushe, na kumbukumbu yako itakulinda.

3. Kokotoa gharama kamili

Bei inayoonekana kwenye duka la nje ya nchi siyo utakayolipa. Tutazame mfano ufuatao. Tarakimu zake ni za kujifunzia tu.

Duka la Dar es Salaam linauza kompyuta kwa shilingi 5,200,000, kodi ikiwamo, na linatoa dhamana ya mwaka mmoja. Duka la nje linaiuza kompyuta ileile kwa shilingi 4,100,000. Usafirishaji ni shilingi 250,000, jumla 4,350,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 juu ya kiasi hicho ni shilingi 783,000. Jumla inakuwa shilingi 5,133,000, kabla ya tozo nyingine za forodha. Tofauti iliyoonekana kuwa shilingi 1,100,000 imebaki shilingi 67,000.

Kwa shilingi 67,000 mnunuzi huyu anaweza kuwa ameuza dhamana yake. Dhamana nyingine hutumika tu katika nchi au kanda bidhaa ilikouzwa, hivyo kompyuta ikiharibika italazimu irudishwe huko kwa gharama yako. Isome dhamana kabla ya kuagiza. Angalia pia kama plagi ya chaja inaingia katika soketi zetu za pini tatu, na kama herufi za kibodi ni unazozifahamu. Kompyuta nyingine zinazopitia Dubai huwa na herufi za Kiarabu pia.

4. Ukaguzi kabla ya kulipa

Omba kompyuta iwashwe mbele yako, kisha fanya yafuatayo:

(a) Linganisha namba ya utambulisho iliyo chini ya kompyuta na iliyo kwenye boksi. Iingize katika tovuti ya mtengenezaji uone dhamana ilianza lini. Ikiwa ilianza miezi mingi iliyopita, uliza sababu.

(b) Andika dxdiag katika sehemu ya kutafutia ya Windows. Utaona aina ya prosesa, ukubwa wa RAM na jina la chipu ya picha.

(c) Fungua paneli ya udhibiti ya Nvidia, sehemu ya taarifa za mfumo, usome wati za juu kabisa za chipu.

(d) Katika dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Katika kompyuta mpya tarakimu hizo hukaribiana. Zikitofautiana sana, huenda unauziwa iliyotumika kwa bei ya mpya.

(e) Cheza gemu au endesha kazi nzito kwa dakika 15 hivi. Sikiliza feni, na uone kama mwendo unashuka kompyuta inapopata joto.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na ukaguzi huu. Anayekukataza kufungua boksi kabla ya kulipa amekupa sababu ya kwenda duka jingine.

5. Malipo, risiti na haki yako

Lipa kwa namba ya biashara yenye jina la duka, si kwa namba binafsi ya mtu. Dai risiti ya EFD, na hakikisha modeli na namba ya utambulisho zimeandikwa kwenye risiti au kwenye hati ya dhamana. Hifadhi tangazo na ujumbe wote mlioandikiana.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara. Maandishi ya ukutani yasemayo «mali ikiuzwa hairudishwi» hayampi muuzaji ruhusa ya kukupa kitu kisicholingana na maelezo yake. Ukigundua tofauti, mwandikie muuzaji mara moja ukieleza kasoro na unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Asipokuridhisha, peleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kompyuta mbili zenye chipu ya jina moja zinaweza kutofautiana kwa nguvu?
2. Katika mfano wa sehemu ya 3, ungenunua wapi? Toa sababu mbili.
3. Muuzaji anasema kompyuta ni mpya. Utatumia njia zipi mbili kuthibitisha?