FUNZO: WOGA WA WATU NA POMBE

Usomaji: Kutoka 4:10-16



Watoto wetu wanasoma ISTM hapa Nyankunde, wengine wako Bunia katika vyuo vikuu. Kwa wengine kati yao pombe haikuanza kwa furaha, ilianza kwa woga. Mwanafunzi anapaswa kusema mbele ya wenzake: moyo unapiga, mikono inatetemeka, anawaza wote watamucheka. Siku moja rafiki anamupa Primus ao lotoko kidogo. Woga unapunguka, naye anafikiri amepata dawa.

Si dawa. Pombe inatuliza akili kwa saa chache tu. Ikitoka katika mwili, woga unarudi, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Basi anakunywa tena, na kwa kipimo kikubwa zaidi.

Kanisa letu la Papa Simon Kimbangu linatufundisha maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala, ndiyo upendo, amri na kazi. Tuyafuate kwa ile taratibu.

Bolingo. Musa alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni muzito. Mungu alimukasirikia, lakini hakumuacha. Alimupa Haruni, ndugu yake, waende pamoja. Jibu kwa woga wa Musa lilikuwa ndugu.

Mibeko. Amri inakataza pombe, nasi tunaishika. Lakini tukimusimamisha kijana mbele ya kusanyiko na kumuhukumu, tunamuweka mbele ya kile anachoogopa zaidi: macho ya watu. Atajificha, na huko atazidi kunywa.

Misala. Tufanye hivi:

1. Mutafute kijana peke yake. Muulize kwa upole anaogopa nini, kisha nyamaza umusikilize.

2. Mupe kazi ndogo: asome andiko mbele ya watu watatu, baadaye kumi, baadaye kusanyiko lote. Woga unapunguka kwa kuzoea.

3. Kama amekunywa sana kwa muda mrefu, usimulazimishe kuacha kwa gafula. Anaweza kutetemeka, hata kuanguka kama mutu wa kifafa. Mupeleke hospitali, na maombi yaendelee. Munganga na maombi havipigani.

Maulizo kwa vikundi: Ni nani katika nyumba yako anayenyamaza siku zote? Nawe, je, ni Haruni wa nani?

Mungu awabariki.