Mtoto Wenu Akishtakiwa kwa Wizi: Wazazi Wafanye Nini?



Kuna habari ambayo hakuna mzazi anayetaka kuletewa mlangoni: "Kijana wenu amekamatwa. Yuko kituo cha polisi Voi, anadaiwa kuiba." Mara nyumba hugawanyika. Baba husema, "Mwacheni akae ndani apate adabu." Mama halali usiku, na asubuhi anauza mbuzi kwa siri apate pesa za kumtoa. Majirani nao hawakosi methali: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kabla ya juma kwisha, kesi zimekuwa mbili: ya kijana mahakamani, na ya mume na mke nyumbani.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 24 anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Voi. Mifuko ya simiti imepungua stoo, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Wazazi wake, wanaoishi Mwatate, wafanyeje?

1. Kaeni pamoja kwanza

Kabla ya kwenda popote, ninyi wawili ketini mzungumze. Msianze na "mtoto wako" na "ulimdekeza". Huyu ni mtoto wenu. Kubalianeni mambo matatu: nani ataenda kituoni, ni pesa kiasi gani mnaweza kutoa, na nani atazungumza na wakili. Kila shilingi itakayotoka, wote wawili muijue.

Wapo wanaoogopa kwamba kumtafutia mtoto wakili ni kuunga mkono wizi. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huenda kijana hakuiba. Na hata kama aliiba, kazi ya wakili ni kuhakikisha anahukumiwa kwa haki, kwa kosa alilotenda na si zaidi. Yule baba wa mwana mpotevu hakusema kosa ni jema. Hata hivyo alitoka kwenda kumlaki.

2. Saa 24 za kwanza

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki hizi: aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, anyamaze akitaka, azungumze na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Zikiisha wakati mahakama imefungwa, kama vile Jumapili, hufikishwa siku ya kazi inayofuata.

Mkifika kituoni, ulizeni kwa heshima: ameshikwa kwa kosa gani, nambari ya OB ni ipi, afisa mpelelezi ni nani, na atafikishwa mahakama gani. Katika kaunti yetu kuna mahakama Voi, Wundanyi na Taveta. Msikisie, mkapoteza siku kupanda Wundanyi bure.

Msimlazimishe kijana "akubali tu yaishe". Kisheria, maungamo mbele ya polisi hayapokelewi hivi hivi; lazima yachukuliwe na afisa wa cheo kinachotakiwa, asiye mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Dhamana ya polisi nayo haiuzwi. Mkiweka pesa taslimu, dai risiti. Pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha, mradi kijana amehudhuria kila alipotakiwa.

3. Kumchagua wakili

Penye mahakama hapakosi watu wanaojiita wakili. Mwezi wa Oktoba 2023, tawi la Nairobi la Chama cha Mawakili lilitangaza kwamba mtu mmoja aliyejulikana kama wakili hakuwa wakili kabisa. Kwa hiyo ulizeni jina lake kamili, mlitafute katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, na mhakikishe ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Asiye na afadhali ya ofisi, ambaye mnakutana naye tu chini ya mti, msimpe hata nauli.

Kabla ya kulipa, muulizeni: Umewahi kushughulikia kesi za wizi? Utakuja mwenyewe au utatuma mwingine? Ada ni kiasi gani, na inafika wapi: ombi la dhamana tu, au mpaka hukumu? Tunaweza kulipa kidogo kidogo? Majibu yaandikwe, na kila malipo yawe na risiti. Akiwaahidi ushindi, au akiomba pesa "za hakimu", ondokeni.

Tena kumbukeni: kijana ni mtu mzima. Hata kama ninyi ndio mnaolipa, mteja ni yeye. Wakili atafuata maagizo yake na hawezi kuwafungulia siri zake bila ruhusa. Msikasirike; hiyo ndiyo ngao ya mtoto wenu.

4. Kama hamna pesa

Katiba inasema serikali itampa mshtakiwa wakili iwapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa, na ni lazima aelezwe haki hiyo mapema. Kwa wizi wa kawaida haitokei yenyewe, hivyo kijana aiombe mbele ya hakimu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiojiweza. Kituo Cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, kina ofisi Mombasa. Ulizeni pia katika masijala ya mahakama kuhusu mawakili wa kujitolea.

Akisimama peke yake, aombe nakala ya hati ya mashtaka na maandishi ya mashahidi, na muda wa kujitayarisha. Kama Kidawida ndiyo lugha anayoielewa vizuri, aombe mkalimani, halipi.

5. Dhamana na shamba

Hapa ndipo ndoa nyingi huumia. Baba anachukua hati ya shamba kwenda kumdhamini kijana, mama hajui. Kijana akitoroka, mali iliyowekwa inaweza kupotea. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Basi amueni pamoja, na kijana aambiwe wazi ni nini mmekiweka kwa ajili yake. Msiuze ardhi kwa haraka ya siku moja. Dhamana ikiwa nzito mno, wakili anaweza kumwomba hakimu aipunguze.

6. Kulipa na kupatana

Wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3. Mwajiriwa akimwibia mwajiri, kisichozidi miaka 7. Lakini jela si njia pekee. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kutoa kazi za jamii pale ambapo kifungo kinachofaa hakizidi miaka 3. Afisa wa probesheni akija nyumbani kuuliza, mwambieni kweli.

Kama kijana anakiri na anataka kurudisha mali, mazungumzo na mwenye duka yapitie kwa wakili. Msiende usiku na wazee kumbembeleza au kumtisha. Kumwingilia shahidi kunaweza kumpotezea kijana dhamana. Na hata mlalamishi akisamehe, kesi huondolewa kwa ruhusa ya mahakama. Hukumu isiporidhisha, rufani hukatwa ndani ya siku 14.

Wazazi, endeni mahakamani pamoja, hata kama ni kukaa tu kwenye benchi. Kijana akigeuka kizimbani akawaona baba na mama wameketi bega kwa bega, atajua kwamba bado ana kwao. Toba nyingi zimeanzia hapo.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Mtoto wetu akikamatwa leo, nani kati yetu angeenda kituoni?
2. Je, kuna pesa au hati ambayo mmoja wetu ameificha mwenzake?
3. Katika jumuiya yetu ndogo, kuna familia yenye kesi ambayo tumeinyoshea kidole badala ya kuitembelea?