"Siwezi" na "Sijaweza"

Msichana mmoja wa darasa la sita, katika kijiji kimoja cha pwani, alirudi nyumbani adhuhuri uso umemkunjamana. Akalificha daftari lake chini ya mkeka, akasema, "Bibi, mimi siwezi. Kesho siendi shule."

Bibi yake akauweka chini ungo wa mchele, akamgusa paji la uso. "Huwezi tangu lini, mjukuu wangu? Ni homa, au tumbo?" Maana kwa wazee wa pwani, mtu asemwapo kuwa "hawezi", maana yake ni mgonjwa.

"Si ugonjwa, bibi. Siwezi hesabu. Siku zote nakosa."

Mzee yule hakumkemea wala hakumsifu. Aliyachambua maneno yake moja moja, kama atoaye chuya katika mchele.

"Siku zote? Hata jana, ulipouza maandazi ukarudisha chenji?"

"Jana sikukosa."

"Basi si siku zote. Leo umekosa nini?"

Ikaonekana kwamba amekosa hesabu za namna moja tu, nazo ni mpya. Aliambiwa ajumlishe robo tatu na nusu. Akajumlisha tarakimu za juu na za juu, na za chini na za chini, akaandika 4/6. Jawabu hilo ni dogo kuliko robo tatu aliyoanza nayo, na mtu hawezi kuongeza kitu kikapungua!

Bibi hakupata kusoma hesabu hizo, lakini vipimo alivijua. "Pishi ni vibaba vingapi?"

"Vinne."

"Robo tatu ya pishi?"

"Vitatu."

"Na nusu pishi?"

"Viwili. Vyote ni vitano." Mtoto akanyamaza kidogo. "Ni pishi moja na kibaba. Moja na robo!" Akalitoa daftari chini ya mkeka.

Mwanafunzi na aitazame lugha yake. Katika Kiswahili imo silabi ndogo, -ja-, ambayo hukaa ndani ya kitenzi na kuonyesha kwamba jambo halijatukia lakini laweza kutukia. "Sielewi" na "sijaelewa" si sawa, wala "hajui" na "hajajua". Asemaye "sina kichwa cha hesabu" husema habari ya kichwa chake, asiyoijua. Asemaye "sijaelewa hesabu hii" husema habari ya hesabu moja, naye aweza kuonyesha kwa kidole mahali alipokwama. Wala haifai kugeuza "siwezi" kuwa "naweza" pasipo kazi. Hayo ni majivuno, na mtihani huyafichua upesi.

Watu wazima nao hukosea hivyo. Kwa miaka mingi wengi walisema kwamba mwanadamu hawezi kukimbia marathoni, yaani kilometa 42.195, chini ya saa mbili. Mwezi wa Mei 2017 Eliud Kipchoge wa Kenya alijaribu huko Monza, Italia, akatumia saa 2 na sekunde 25. Waliosema "hawezi" walidhani wamepata ushahidi. Kumbe lililokuwa kweli siku ile ni kwamba hajaweza. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Austria, alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio hizo hazikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa hazikuwa mashindano ya wazi, tena wakimbiaji wengine walipokezana kumtangulia na kumkinga na upepo. Hilo nalo ni haki lisemwe. Lakini miguu iliyomaliza mwendo ule ilikuwa yake.

Msichana yule alikwenda shule kesho yake. Aliporudi, bibi akamwuliza habari za hesabu.

"Za kujumlisha nimepata zote, bibi, ila moja."

"Na za kugawanya?"

"Hizo sijaziweza."

Bibi akavuta ungo wake, akaendelea kupepeta.