Somo: Kubadilisha Betri ya Kompyuta ya Kikundi

Ndugu wanachama, vikundi vingi sasa vina kompyuta ndogo ya kubeba, pengine ya mitumba, ambayo mweka hazina huandikia akiba na mikopo. Baada ya miaka kadhaa betri huchoka. Ukichomoa waya wa stima tu, mashine inazima. Basi watu husema kompyuta imekufa, na michango ya kununua nyingine inaanza. Tunawaomba mngoje kwanza. Mara nyingi ni betri tu.

Kabla ya kugusa chochote, nakilini hesabu zote kwenye flashi, na salio la kila mwanachama liandikwe daftarini.

Sasa igeuzeni. Za zamani zina betri ya nje yenye kifungo cha kusukuma, inachomoka yenyewe. Nyingi za siku hizi betri imefichwa ndani, na hizi ndizo zinazotaka bisibisi.

Angalieni sana kama betri imefura. Kompyuta huyumba mezani, kifuniko hakifungi sawasawa, au pale pa kusogezea mshale pameinuka. Ndani ya betri ya lithiamu mna kemikali inayoshika moto. Ikiharibika hutoa gesi, nayo ndiyo huifurisha. Betri hiyo isichajiwe tena hata siku moja, na kuitoa tumwachie fundi mwenye uzoefu. Lakini fundi akisema ataitoboa kidogo itoe hewa, chukueni mashine yenu muondoke! Ikitobolewa inaweza kuwaka papo hapo, na moshi wake ni sumu.

Kama haijafura, itumieni mpaka chaji ishuke chini ya robo, kisha izimeni kabisa na mchomoe waya. Fanyeni kazi penye mwanga, karai la mchanga likiwa karibu. Fungueni skrubu za chini moja moja. Hazilingani urefu, kwa hivyo choreni umbo la kompyuta kwenye karatasi na kuweka kila skrubu mahali pake. Ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kuharibu bodi ya ndani. Kifuniko kibanduliwe kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi, si kwa kisu. Kikikataa msivute kwa nguvu: kuna skrubu imebaki, huenda chini ya viguu vya mpira. Gusa kitu cha chuma, halafu chomoa waya wa betri polepole, ukishika kichwa chake wala si waya wenyewe.

Nendeni dukani na betri ya zamani mkononi. Namba ya aina iliyoandikwa juu yake na volti zake zilingane na za mpya. Muuzaji akisema "hii pia itaingia", kuingia si kufaa. Sisi hata ile ya bei ya kutupa tunaiogopa.

Ya zamani isitupwe chooni, isichomwe na taka, wala watoto wasipewe kuchezea. Zibeni ncha zake za chuma kwa selotepu, muiweke pakavu mbali na nyumba ya kulala hadi ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Mjadiliane kikundini: Nakala ya hesabu zetu iko kwa nani? Kompyuta ikizima leo jioni, mama aliyemaliza mkopo wake jana ataonyesha nini?