Roketi Ikikuzwa: Somo Kutoka Ngomeni
Tarehe 12 Desemba 1970, roketi aina ya Scout iliondoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikibeba setilaiti ya Uhuru. Wanafunzi wanaounda roketi za mfano wazingatie hesabu hii: vipimo vyote, pamoja na unene, vikizidishwa mara 2, eneo la mabawa ya mkiani huongezeka mara 4, lakini uzito mara 8. Injini ya ile ndogo haitatosha.

Pia kitovu cha uzito sharti kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa; la sivyo, roketi huweza kugeuka na kuwarudia watu. Kabla ya kuirusha, ifungwe kamba kwenye kitovu cha uzito, izungushwe. Pua isipotangulia, isirushwe.