Kamera Isiyo na Kioo, na Mabishano Yake



Chama chetu cha wapiga picha kimepata fedha za kununua kamera moja. Moja tu, na ya pili haitazamiwi kupatikana upesi. Wengi waliochanga ni wanafunzi wa zamani, na kadhaa kati yao hupata riziki yao kwa kazi ya picha, basi kila mmoja ana lake la kusema. Kamera inayobishaniwa kuliko zote ni Nikon Zf, iliyotolewa mwaka 2023. Mmoja asema ndiyo hiyo, kwa kuwa ina magurudumu yenye namba kama kamera za baba zetu. Mwingine asema magurudumu hayo ni urembo mtupu. Wa tatu hataki kusikia habari za magurudumu. Kwake yeye neno ni uzito. Mhariri ameniomba nieleze jambo hili kwa vijana ambao hawajapata kushika kamera ila ile ya simu, maana wao ndio watakaoitumia, na katika mkutano wa muhula ujao nao watapiga kura.

Kwanza yafaa tujue kioo kinachosemwa ni kioo gani. Katika kamera ya namna ya Nikon F, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, nyuma ya lenzi mna kioo kilichoinamishwa digrii 45. Nuru ikiingia hupiga kioo, hupanda juu, hupita katika prizimu, ndipo humfikia mpiga picha jichoni. Ukibonyeza, kioo huruka juu, shata hufunguka, filamu hupata nuru yake, kisha kioo hurudi mahali pake. Kazi hiyo yote yataka nafasi. Katika Nikon za namna hiyo, tangu lenzi inaposhikwa hata kwenye filamu ni milimita 46.5. Katika kamera za kampuni hiyo hiyo zisizo na kioo ni milimita 16 tu. Huko sensa hupokea nuru moja kwa moja, na picha yake huonekana katika skrini ndogo ndani ya tundu la kutazamia. Panasonic ilifungua njia mwaka 2008 kwa kamera yake G1. Sony ikatoa A7 yenye sensa kubwa mwaka 2013. Nikon na Canon zikaja na sensa kubwa kama hiyo katika kamera zisizo na kioo mwaka 2018.

Mwenye kioo hakosi faida yake. Kutazama kwa kioo hakuli umeme, hivyo Nikon D850 ya mwaka 2017 yahesabiwa kupiga picha 1,840 kwa betri moja. Zf haifiki hata robo ya hizo. Anayekwenda arusini nayo atie betri ya pili mfukoni.

Sasa uzito. Watu hudhani ati kioo kikiondolewa kamera imekwisha kuwa ndogo. Sivyo. Zf pamoja na betri na kadi yake ina gramu 710 hivi, nayo Nikon FM2 ya mwaka 1982, ambayo Zf yaiga sura yake, ilikuwa na gramu 540. Tena mzigo mkubwa hauko katika kamera, uko katika lenzi. Chukua lenzi ya milimita 200 yenye tundu la f/2.8. Gawanya 200 kwa 2.8, utapata kama 71. Ndiyo kusema kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko milimita 71, kamera iwe na kioo au isiwe nacho. Hesabu hiyo haina mjomba wala shangazi. Atakaye wepesi na achague lenzi ndogo, au sensa ndogo, ndipo abishane juu ya kamera.

Nakuja kwenye magurudumu, ambayo ndiyo kiini cha ugomvi. Picha yoyote hutengenezwa kwa mambo matatu: upana wa tundu la lenzi, muda wa shata kuwa wazi, na wepesi wa sensa kupokea nuru, ambao huandikwa ISO. Kila moja huenda kwa hatua, na kila hatua huongeza nuru mara mbili au huipunguza kwa nusu. Kwenye jua kali la mchana, ISO ikiwa 100, shata 1/125 na tundu f/16 hutoa picha safi. Ukitaka tundu f/8, umefungua hatua mbili, maana f/11 iko katikati. Basi shata nayo ifupishwe hatua mbili, 1/250 kisha 1/500. Kijana aliyefahamu hesabu hii ameshika nusu ya kazi.

Kwenye Zf, gurudumu moja lina namba za shata, jingine namba za ISO. Namba za tundu haziko: lenzi nyingi za Nikon za aina hii hazina pete yenye namba, na tundu hubadilishwa kwa kigurudumu kisichoandikwa kitu, ingawa pana kijidirisha juu kinachoonyesha namba yake. Tena gurudumu la shata lina mahali pameandikwa 1/3 STEP. Ukiliweka hapo, namba zake zote huwa kimya, na kazi hufanywa na kigurudumu kingine. Kwa hiyo anayesema ni urembo hakukosa sana. Wenzake wanaotumia kamera za vigurudumu viwili visivyo na namba husema hawana haja ya kuondoa jicho kwenye tundu, kwa kuwa namba zote huonekana humo ndani. Nao wasema kweli.

Lakini hao wana kamera zao peke yao. Yetu itashikwa na watu arobaini. Leo fulani ataichukua kwa mpira, kesho mwingine kwa maigizo ya usiku. Kamera ambayo mambo yake yamefichwa katika menyu, atakayeipokea hajui mwenzake ameiachaje mpaka aiwashe na kupekua. Yenye magurudumu humwambia kabla hajaiwasha. Sababu hii kwangu yatosha.

Tena kuna gurudumu la nne ambalo sikusikia likitajwa na mtu, nalo kwetu ndilo la maana kuliko yote: lile lenye alama za kuongeza na kupunguza. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya wastani, kijivu. Sasa mweke mbele yake bwana arusi wa Kiganda katika kanzu nyeupe, au darasa zima katika mashati meupe siku ya wazazi. Kipimo huona weupe mwingi, hupunguza nuru. Kanzu hutoka ya kijivu, na uso wa mtu mweusi hupotea kabisa, umebaki meno. Ni picha ngapi za namna hiyo zimo katika majumba yetu! Dawa ni kugeuza gurudumu hilo hata +1, yaani nuru mara mbili. Na hapa kamera isiyo na kioo yamshinda mwenye kioo, kwani katika tundu la kutazamia waona uso uking'aa kadiri unavyogeuza, kabla hujabonyeza. Kamera mpya hutambua nyuso na kuzilenga zenyewe, lakini kanzu bado huidanganya nyingi kati yake.

Zf inalo gurudumu hilo, mahali kidole gumba kinapofika. Kadi zake, hata hivyo, hutiwa chini pamoja na betri, na mojawapo ni ile ndogo mno ya simu. Mikononi mwa kidato cha kwanza itapotea wiki ya kwanza.

Maoni yangu ni haya: tutafute Fujifilm ya jamii ya X-T. X-T5 ya mwaka 2022 ina gramu 557 pamoja na betri na kadi, kadi mbili za kawaida huingia ubavuni, na juu yake mna magurudumu ya shata, ya ISO na ya kuongeza na kupunguza. Ukiifunga lenzi kama ile ya milimita 35 f/2, namba za tundu zimeandikwa kwenye pete, hivyo yote hayo yasomeka kamera ikiwa imezimwa. Sensa yake ni ndogo kuliko ya Zf, na usiku Zf itaishinda. Nikiambiwa fedha hazitoshi, ya zamani X-T1 ya mwaka 2014, iliyokwisha kutumika, yanitosha.

Kabla ya kura tutajaribu. Mwenye kamera ya namna yoyote na aje nayo mkutanoni, na mmoja wetu avae kanzu.