Utomvu Ukiganda Nguoni, Tufanyeje?

Nguo ni mali. Shati moja zuri au doti moja ya khanga ni jasho la siku kadhaa. Lakini wengi wetu tunaitupa nguo nzima kwa sababu ya doa moja la utomvu. Wengine hufanya vibaya zaidi. Huchukua petroli, hukaa karibu na jiko, wakaanza kusugua. Nguo haitakati, na mtu anaungua. Basi katika somo la leo tujifunze namna ya kuondoa utomvu bila kuharibu nguo na bila kuhatarisha maisha.

UTOMVU NI KITU GANI?

Miti mingi hutoa utomvu ikikatwa. Mti hufanya hivyo kuziba kidonda chake. Wenzetu wa Mufindi, mkoani Iringa, wanaufahamu sana utomvu wa misonobari, ambayo wao huiita misindano. Katika shamba la miti la Sao Hill wapo watu wanaougema utomvu huo. Hukwangua gome, wakatega mfuko au chombo, na utomvu unadondoka humo polepole.

Ndani ya utomvu wa msonobari mna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni tarapentaini, ambayo ni nyepesi na hupotea hewani. Cha pili ni kitu kigumu kama kioo cha manjano. Utomvu ukitoka mtini ni laini. Tarapentaini ikishapotea, unabaki ugumu. Ndiyo maana doa la leo linanata, na doa la mwezi uliopita ni kavu kama jiwe.

Sasa, kwa nini maji hayaliondoi? Utomvu huu hauyeyuki katika maji, kama vile mafuta yasivyochanganyika na maji. Unaweza kuliloweka shati siku tatu, doa litakukodolea macho tu. Lakini utomvu huyeyuka katika spiriti, katika tarapentaini na katika mafuta. Mafundi seremala wanalijua jambo hili. Shelaki wanayopigia polishi ni utomvu wa wadudu fulani wa Asia, nao huiyeyusha kwa spiriti. Basi dawa ya seremala ni dawa ya doa pia.

HATUA ZA KUFUATA

1. Usisugue doa bichi. Ukisugua unalieneza na kulisukuma ndani ya nyuzi. Nguo hiyo usiichanganye na nyingine.

2. Ligandishe doa. Weka nguo kwenye maji baridi sana au kwenye barafu kama ipo. Utomvu ukipoa huwa mkavu na hukatika. Ubandue taratibu kwa kijiko au kwa mgongo wa kisu.

3. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya pindo. Weka tone moja la spiriti, ngoja kidogo, kisha gusa kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, acha spiriti. Tumia mafuta.

4. Tandika kitambaa cheupe kikavu. Ilaze nguo juu yake, upande wa doa ukitazama chini. Lowesha kitambaa kingine kwa spiriti, ugongegonge kwa nyuma ya doa. Anza pembeni ukielekea katikati, doa lisipanuke. Utaona utomvu unahamia kwenye kitambaa cha chini. Kisogeze kila mara, upate mahali safi.

5. Kama huna spiriti, paka mafuta ya kupikia. Acha nusu saa. Utomvu utalainika, nawe utaukwangua. Hapo utabakiwa na doa la mafuta, lakini hilo si tabu, sabuni inaliweza.

6. Anika nguo nje mpaka harufu ya spiriti iishe. Kisha ipake sabuni kwenye doa, uifue kwa maji ya vuguvugu. Itazame kabla ya kuipiga pasi. Kama doa bado lipo, rudia kazi. Ukipiga pasi mapema, utomvu unayeyuka na kuzama ndani ya nyuzi, na kuutoa ni kazi kubwa zaidi.

SI KILA UTOMVU NI SAWA

Utomvu wa mgomba ni jambo jingine kabisa. Ule ni majimaji ambayo hubadilika kuwa kahawia yakipigwa na hewa. Spiriti hausaidii sana. Suuza nguo mara moja kwa maji baridi kabla haujakauka, kwani ukikauka ni vigumu kutoka. Utomvu wa fenesi nao unanata kama mpira. Huo upake mafuta, mikononi na nguoni, kisha tumia sabuni.

Siku hizi kuna pia gundi ya epoksi. Mafundi huchanganya majimaji ya chupa mbili, wakatengeneza meza, hereni na mapambo. Gundi hii haigandi kwa kukauka. Vitu viwili vinaungana na kuwa kitu kipya. Kabla haijaganda, kwangua iliyozidi, kisha ifute kwa spiriti. Ikishaganda, spiriti haiiyeyushi tena. Unaweza kupunguza tu kile kilichokaa juu. Tukubali basi kwamba nguo hiyo sasa ni ya kazi. Dawa ya kweli ni kuvaa aproni na glavu tangu mwanzo. Gundi hiyo ikikushika mkononi, ifute kwa kitambaa kikavu, unawe kwa sabuni na maji. Usinawe kwa spiriti, maana inaweza kuipenyeza ndani ya ngozi.

TUSIHATARISHE MAISHA

Mvuke wa spiriti hauonekani, lakini unashika moto upesi. Petroli ni hatari zaidi. Hiyo usiitumie kabisa. Fanya kazi nje, mbali na jiko, kibatari na sigara. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke, usivirundike ndani.

Usichanganye spiriti na dawa ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa sumu. Tena dawa hiyo haiondoi utomvu, inafifisha rangi tu.

Usiweke spiriti wala mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, yeye anaijua chupa. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa sababu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali, na chupa nenda nayo.

Ndugu wasomaji, doa likitushinda, tumepoteza nguo. Moto ukitushinda, tumepoteza zaidi. Tufanye kazi hii kwa utaratibu, maana haraka haraka haina baraka.

MASWALI

1. Kwa nini maji peke yake hayaondoi utomvu wa msonobari?
2. Kwa nini tunajaribu spiriti kwenye pindo kwanza?
3. Pasi ina madhara gani kwa doa ambalo halijatoka?
4. Utomvu wa mgomba una tofauti gani na wa msonobari?
5. Tazama nyumbani kwako. Je, mafuta ya taa yamewekwa katika chombo gani, na mtoto anaweza kukifikia?